Mwaka Tuliowanyima Ng'ombe Mabua

Udongo wa shamba la marehemu mama ni wa kichanga. Ukiuchota baada ya mvua unashikana kiganjani kwa muda mfupi, kisha unaachia na kupita katikati ya vidole. Kwa Kisukuma tunauita luseni, na mtu wa kwetu akikuambia shamba lake ni luseni tupu, ujue hajisifu; anakuomba usicheke mavuno yake. Shamba lenyewe liko kwenye mteremko, upande wa Sengerema. Juu kuna mawe makubwa, na ukisimama hapo unaliona ziwa. Chini kuna mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, ya watu wengine wanaolima mpunga, na kila kinachotiririka kutoka kwetu wao hukipokea bila kuomba.

Nimeliaga shamba hilo mara nyingi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Kahama, nikatoka Kahama nikaenda Mpanda, nikashuka mpaka Mbeya, nikarudi, nikaondoka tena. Kila nilikokaa nilipakumbuka nyumbani kuliko nilivyopapenda nilipokuwa pale. Dada yangu, ambaye ndiye aliyebaki na kumuuguza mama na kulirithi shamba, anasema mimi napapenda nyumbani nikiwa nimepageuzia mgongo.

Kazi iliyonishika muda mrefu kuliko zote ilikuwa kwenye shamba kubwa la mahindi na soya huko kusini. Mwaka mmoja mahindi, mwaka unaofuata soya, na udongo haukugeuzwa wote. Trekta lilipita likichana mistari myembamba tu, mbolea ikadondoka ndani ya mstari, na mbegu ikafuata juu yake, pembeni kidogo ili isiungue. Katikati ya mstari na mstari ardhi iliachwa imelala na mabua yake ya mwaka uliopita. Mtu aliyezoea kuona shamba limefagiwa kama uwanja wa nyumba angedhani wenyewe wamekata tamaa. Lakini mvua kubwa ikinyesha, maji yaliyotoka kwenye shamba lile yalikuwa meupe. Nilitoka kwetu ambako maji ya mvua ni mekundu kama chai ya msibani, kwa hiyo nilisimama na kuyatazama.

Niliporudi mara ile, mavuno yalikuwa yamekwisha na kiangazi kinaanza. Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado linajengwa, tukivuka kwa kivuko. Nilimkuta dada shambani, na nilichokiona kilinifanya nicheke peke yangu. Mabua yalikuwa yamelazwa katikati ya mistari, vilevile kama kusini.

"Nani kakufundisha haya?" nikamuuliza.

"Bwana shamba alikuja kwenye kikundi chetu. Akatuletea ripa tuijaribu, ile ya kufunga kwenye maksai. Wenzangu walisema ni jembe lililovunjika."

Ripa ni ulimi mmoja wa chuma. Haigeuzi udongo kama plau, inachana tu, na inafungwa kwenye nira ileile ya ng'ombe. Dada alipiga magoti, akasogeza mabua kwa mkono, akachimba kwa vidole. Juu palikuwa pakavu, lakini chini kidogo palikuwa na unyevu, na nyungunyungu mmoja akajikunja kuukwepa mwanga. Dada alinitazama kama mtu aliyenionyesha mtoto mchanga.

Kabla ya hapo, aliniambia, alikuwa akiiweka mbolea yake kwa uaminifu wote, kizibo cha soda kwa kila shimo. Kisha ng'ombe waliingia baada ya mavuno, wakasafisha kila jani, wakaukanyaga mteremko mpaka ukawa mgumu, na mvua ya kwanza ikateremsha mchanga wa juu wote.

"Mimi nauza dagaa nipate mbolea," alisema. "Nikiitia hapa, inaotesha mpunga wa watu kule chini. Nikipita wananisalimia vizuri sana. Na kweli wanisalimie."

Jirani yetu mmoja alikuwa amepanda soya akaitia urea kama mahindi, ikawa na majani kama mchicha wa hoteli na maganda ya kutafuta kwa tochi. Dada alimcheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa ameshaelewa kwamba soya inajitengenezea chakula chake mizizini na kuyaachia mahindi sehemu. Tulizungumza mambo ya udongo mpaka chai ikapoa. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kuwa na mazungumzo marefu namna ile, na nadhani ndiyo sababu tulijiamini kupita kiasi. Watu wawili wanaokubaliana wanaweza kusahau kwamba yupo wa tatu.

Wa tatu alikuwa mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama, na mama alipofariki yeye ndiye aliyekuwa amebaki kwa upande wake. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo. Alikuwa na ng'ombe wa kutosha kumfanya asimame vizuri mbele ya watu, na maksai waliolima mashamba ya nusu ya ukoo, letu likiwemo. Zamani familia ilikuwa na ngitili, eneo la nyasi lililofungwa wakati wa mvua lisiguswe, ili ng'ombe wapate chakula kiangazi. Lakini ukoo uligawana, na barabara ilipoanza kutengenezwa kila mwenye kipande akakiuza viwanja. Pale palipokuwa na nyasi za kufika kiunoni sasa pana nyumba za bati la rangi. Kilichombakia mjomba kiangazi kilikuwa mabua ya mashamba yaliyovunwa, na hayo hakuhitaji kuyaomba. Kwetu mazao yakishaingia ndani, shamba ni la ng'ombe. Hakuna aliyeliandika jambo hilo, na hakuna aliyeliuliza.

Dada aliniomba nimsaidie kukata miiba. Niliikata, nikaiburuta, nikaipanga kwenye njia ambayo ng'ombe hupitia kutoka korongoni. Niliipanga vizuri, kwa sababu nilitaka aone kwamba nimerudi na mikono ya kazi.

Mjomba alifika asubuhi, ng'ombe wakiwa nyuma yake. Ng'ombe walikuwa wanaijua njia kuliko sisi. Waliokuwa mbele walifika kwenye miiba, wakasimama, na wa nyuma wakaendelea kuja mpaka wakabanana.

"Nani kafa," mjomba akauliza, "mpaka mmefunga mlango?"

"Shikamoo, Mjomba," dada akasema.

"Marahaba. Nimeuliza."

"Hakuna aliyekufa. Mwaka huu mabua yanabaki shambani."

"Yanabaki yakingoja nini?"

"Mvua."

"Mabua yanangoja mvua." Alinigeukia. "Umesikia? Na wewe umerudi, au umesimama kupumua tu?"

"Shikamoo, Mjomba. Nimerudi."

"Marahaba. Nitakuamini siku ukipanda mti ukala matunda yake."

Dada alimweleza habari ya mchanga, ya mbolea, ya mpunga wa watu. Alieleza kwa heshima, mikono ameikunja mbele. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako aliwahi kunifungia?" aliuliza.

"Hakuwahi. Na miaka yake ya mwisho alivuna nini hapa? Wewe mwenyewe ulikuwa unamletea unga."

Mjomba aliihamishia fimbo mkono wa pili. Alisema, "Na samadi je? Ng'ombe wakila hapa wananyea wapi, Mwanza mjini?"

"Wanakula hapa mchana, Mjomba, wanalala kwako. Samadi iko zizini kwako imejaa mpaka magotini, na mkokoteni wa kuileta huku hakuna."

"Ungeuomba."

"Kwa nani? Wa kwako una gurudumu moja."

Hapo alicheka kidogo, na nikadhani tumepona. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikikosa mabua haya, sina kiangazi. Nitahama kama wenzangu walivyohamia Katavi."

"Kila mwaka unahama, Mjomba," dada akasema, na wote watatu tukacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu tulipokuwa wadogo alikuwa anahama kwa maneno. Mvua ikichelewa anahama, mkwe akimkosea anahama.

Akaniuliza mimi. "Msafiri, wewe unasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilimweleza habari za shamba la kusini, mistari ilivyonyooka, maji yalivyokuwa meupe, mahindi yalivyobeba. Nilieleza kama mtu anayesimulia mji alikozaliwa. Mjomba alisikiliza, fimbo ameiweka nyuma ya shingo, mikono ameining'iniza juu yake.

"Na ng'ombe wa huko wanakula nini?" akauliza.

"Huko hakuna ng'ombe, Mjomba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitaka, akawageuza ng'ombe wake. Iliwachukua muda kugeuka. Wale wa mbele hawakuelewa kwa nini.

Dada hakuwa na roho mbaya. Siku chache baadaye tulipomaliza kupiga soya yake, alifunga mabunda ya vijiti na maganda yake, tukayabeba kichwani mpaka ng'ambo ya korongo. Mjomba aliyapokea kwa mikono miwili. Tulipopita tena tulikuta ng'ombe wamekula maganda na kuacha vijiti vyote.

"Nashukuru kwa njiti za kiberiti," mjomba alimwambia dada. "Sasa nikumbushe ninunue sigara."

Dada alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi pia. Mjomba alikuwa na ulimi uliomfanya mtu asione kwamba ana shida, na sisi tulichagua kuusikiliza ulimi.

Kisha nikaondoka. Nilikuwa nimesema nimerudi, lakini kiangazi kikizidi miguu yangu huanza kuwasha. Nilivuka ziwa, nikapata kibarua cha ujenzi Buswelu, pembeni ya Mwanza, nikapanga chumba. Buswelu walikuwa wanajenga kila upande, na kila nyumba niliyoibebea tofali ilisimama mahali palipokuwa shamba la mtu. Jioni nilimpigia dada simu, tukaongea habari za mbolea. Niliipata mjini ya kupandia na ya kukuzia, nikaihifadhi chumbani kwangu juu ya mbao isipate unyevu, nikalala kando yake. Nilikuwa na furaha. Nilijiona nina shamba. Sikumuuliza hata mara moja habari za ng'ombe.

Niliileta mbolea ile nyumbani mwezi wa kumi, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa na kutawanyika. Wakati wa kuchana ni huo, kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu, ili mistari iwe tayari kuyanywa maji ya kwanza. Ukingoja udongo ulainike ripa inateleza na kupaka tope, na tabaka gumu la chini linabaki halijapasuka. Jambo hilo nilikuwa nalijua vizuri. Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba mwezi huohuo ambao udongo ni mgumu kuliko wakati wowote, ndio ambao ng'ombe amekonda kuliko wakati wowote. Kusini trekta halikondi.

Dada alikwenda kumwomba mjomba maksai. Nilidhani atakataa, na ninajua sasa kwamba sehemu yangu moja ilitaka akatae. Hakukataa. Shamba lilikuwa la dada yake, yaani mama yetu, na kwake kulima shamba la dada yake hakukuwa ombi. Alikuja asubuhi na maksai wawili, nira begani.

Niliwaona wakitokea korongoni. Mwekundu alikuwa mbele, yule mkubwa, ambaye nilimwacha na mgongo mpana kama meza. Sasa mifupa ya nyonga ilikuwa imetokeza juu kama vigingi vya hema, na ngozi ilikuwa imelegea kwenye mbavu. Mwenzake mweusi alikuwa na nafuu, lakini kidogo. Nilimtazama dada. Dada alikuwa anatazama chini, anafunga kitambaa kichwani upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Wamepungua," nikasema.

"Ni kiangazi," mjomba akajibu. "Hata mimi nimepungua. Shika mpini."

Dada alishika kamba mbele kuwaongoza, mjomba akatembea ubavuni na fimbo asiyoitumia, mimi nikashika ripa. Mistari ya mwanzo ilikwenda. Ardhi ilipasuka ikitoa sauti kama ya gunia linalochanwa, na chini ya mabua vumbi lilikuwa na rangi iliyokoza, sio ule mchanga uliopauka wa zamani. Nilikuwa nimesahau kila kitu isipokuwa mstari. Ripa ilipopanda juu niliikandamiza kwa uzito wangu wote, kwa sababu mstari usiofika chini hauna maana. Mizizi itafika hapo na kugeuka, na mbolea itakaa juu kama chumvi kwenye sahani.

"Usiizamishe sana," mjomba akasema.

"Isipozama haifai kitu, Mjomba."

Aliendelea kutembea ubavuni mwa ng'ombe wake.

Tulikuwa tunachana upande wa juu, karibu na mawe, ambako udongo ni mwembamba. Yule mwekundu alipiga magoti ya mbele. Nilidhani amejikwaa. Alinyanyuka, akavuta hatua chache, akapiga magoti tena, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maombi. Mweusi aliendelea kuvuta kwa upande wake na nira ikamkunja mwenzake shingo. Dada aliiachia kamba. Mjomba alifika pale haraka kuliko nilivyodhani anaweza kutembea, akafungua mnyororo, akamtoa mweusi, kisha akachuchumaa kichwani mwa yule mwekundu na kumwekea mkono katikati ya macho.

"Tumpe maji," nikasema.

"Mpe."

Nilileta ndoo. Hakunywa. Tulijaribu kumnyanyua, mimi ubavuni na mjomba kwenye mkia, na dada akimwita kwa mdomo kama wanavyoitwa jioni zizini. Alitusaidia kidogo, kisha akaacha.

"Anaumwa nini?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Haumwi," mjomba akasema. "Ng'ombe hakosi nguvu. Anakosa chakula."

Hakusema kwa ukali, na hakututazama aliposema. Akamtuma dada akamwite mchinjaji kabla ng'ombe hajafa mwenyewe, maana nyama ya mzoga haiuziki wala haifai kupewa watu. Mimi nilibaki na mjomba. Tulikaa chini, kila mmoja upande wake wa ng'ombe, kwenye mabua. Mabua yalikuwa mengi. Yalikuwa makavu na yenye rangi ya kijivu, mchwa wamekwisha kuyajengea udongo kwa chini. Yule ng'ombe alikuwa amelala juu ya chakula chake cha kiangazi kizima, na sasa hakikuwa chakula tena. Mjomba aliokota bua moja, akalivunja, likatoa vumbi. Akalitupa.

Jioni alituletea sehemu ya paja. Kukataa nyama ya ndugu ni kumkataa ndugu, kwa hiyo dada aliipika na tukala. Dada alijaza sahani yangu mara ya pili bila kuniuliza, nami nikamaliza bila kusikia ladha.

Kesho yake dada aliondoa miiba yote kwenye njia, akavuka korongo. Nilimfuata. Tulimkuta mjomba amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi.

"Mjomba, walete," dada akasema baada ya salamu. "Wale wote. Nimefungua."

"Wale nini, mpwa wangu? Mabua ya mwezi wa kumi ni kuni."

"Basi mwakani. Mwakani nikishavuna tu, siku hiyohiyo."

"Mwakani sitakuwepo."

Dada alitabasamu, akingoja. Hata mimi nilingoja. Tulikuwa tumeshazoea namna mjomba alivyohama. Lakini hakuongeza neno la kuchekesha. Alisema ameshaongea na wenzake wa Katavi, wamempa mahali, na lori litakuja pale vibali vya mifugo vikikamilika.

"Ni kwa sababu yangu," dada akasema.

"Ni kwa sababu ya nyasi," mjomba akamjibu. "Wewe hukuuza ngitili. Hukujenga nyumba juu yake. Wewe umetunza shamba la mama yako, na mimi nimeliona. Udongo umebadilika, nimeuona ulivyochanika." Akaligeukia zizi. "Ila ungeniachia nusu."

Maneno hayo ndiyo yaliyobaki na mimi. Nusu. Tangu siku ile nimeyapima kila namna. Nimeona baadaye kwa watu wengine, wanaokata mabua sehemu ya juu wakawapa ng'ombe wakiwa bado na majani ya kulika, wakaacha ya chini yamesimama kuushika mchanga, na samadi ikarudi shambani kwa mkokoteni ikawekwa ndani ya mistari. Mahindi yao hayana tofauti na yetu. Pengine ni bora, kwa sababu udongo wa kichanga unaitaka samadi kuliko unavyoitaka urea. Mbolea ya dukani bila kitu cha kuishikilia hupita humo kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Sisi tulikuwa na ng'ombe ng'ambo ya korongo na zizi limejaa. Tulichokosa ni gurudumu la mkokoteni na siku moja ya kukaa chini watu watatu. Nilikuwa nimejifunza kilimo kile mahali pasipo na ng'ombe, nikakileta kwetu kizimakizima, kama mtu aliyebeba mlango kutoka nyumba nyingine na kushangaa kwamba haufungi. Mjomba aliniuliza swali moja tu, nami nikalijibu bila kulisikia.

Siku ya kuhama nilimsaidia kuwapandisha ng'ombe kwenye lori. Waliogopa ule ubao wa kupandia. Yule mweusi alikataa kabisa mpaka mjomba alipopanda mwenyewe kwanza na kumwita. Mjomba alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Dada alimfungia viazi vya michembe kwenye gunia, vile vilivyokaushwa, kwa ajili ya njia. Aliagana naye kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili na kupiga magoti kidogo, na hakunyanyuka haraka.

Kwangu mimi mjomba alisema, "Sasa tumebadilishana. Mimi naondoka, wewe baki. Tuone nani ataweza."

Nilicheka kama alivyotaka nicheke. Lori likaondoka, na vumbi lilipotulia njia ilikuwa na kinyesi kibichi kilichodondoka tangu zizini mpaka barabarani. Dada alikitazama, kisha akarudi nyumbani akachukua beleshi na karai. Tulikikusanya chote.

Maksai wa kukodi hatukupata. Kila mtu alikuwa anachana lake au anasubiri mvua. Mistari iliyobaki tuliichimba kwa jembe la mkono, upande ule wa juu wenye mawe, tukipiga mpaka tufike kina ambacho ripa ingefika. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, ikawa sugu. Nilikuwa nimepanga kurudi Buswelu baada ya kupanda. Sikurudi. Dada hakuniomba nibaki. Asubuhi aliweka majembe mawili mlangoni, nami nikachukua moja.

Mvua zilikuja vizuri. Maji yaliyotoka shambani mwetu hayakuwa mekundu. Sitasema yalikuwa meupe kama kule kusini, lakini ukiyachota kwenye kikombe ulikuwa unaona chini. Wale wa mpunga walimuuliza dada kama amebadilisha mbolea. Mahindi yaliota sawasawa, ya kijani iliyokolea, na mahali tulipotia kile kinyesi cha njiani yalikuwa manene ya shina na mapana ya jani, yamejaa afya, kiasi kwamba yeyote aliyepita aliona mipaka yake. Dada alikuwa akifika hapo anapita haraka.

Mjomba alipiga simu siku tulipokuwa tunatia mbolea ya kukuzia. Niliweka kopo chini, nikakaa penye mawe ambako mtandao unashika. Nilimsalimia, akaitikia. Alisema huko nyasi zipo, ila wageni ni wengi na wenyeji wameanza kuchoka nao. Alisema mgongo unamsumbua usiku. Alisema ameanza kufundisha maksai wengine, lakini hana shamba la kuwafundishia, wanavuta gogo tu barabarani.

"Na huko mahindi?" akauliza.

"Yamekubali, Mjomba. Hayajawahi kuwa hivi."

"Hata kule juu kwenye mawe?"

"Hata kule juu."

"Mlichana na nani?"

"Tulilima kwa mkono."

Nyuma yake nilisikia ng'ombe, na mtu akiwafokea kwa lugha nisiyoifahamu.

"Mabua ya mwaka ule yapo?"

"Yapo, Mjomba. Yameshaoza karibu yote."

"Yote mliyaacha?"

"Yote."

"Basi," akasema, "angalau udongo umeshiba."

Hakulisema kama kijembe. Ningependa ingekuwa kijembe. Alilisema kama mtu aliyeacha mtoto kwa ndugu na kuambiwa mtoto anakula. Nilitafuta neno la kumrudishia, la utani au la kuomba radhi, lolote, nikiwa bado nalitafuta salio lake likaisha. Nilipompigia mimi, hakupatikana.

Dada alikuwa ameshafika katikati ya mstari wake. Alinyoosha mgongo akauliza, "Amesemaje?"

"Anasalimia."

"Ameuliza mahindi?"

"Ameuliza."

Alingoja niendelee. Niliinama nikachukua kopo, nikachota kizibo kimoja, nikakimwaga pembeni ya shina na kukifukia kwa kisigino, maana urea ikikaa juani inapotea hewani. Nikaenda shina linalofuata. Baada ya muda nilimsikia naye anaendelea kwenye mstari wake, polepole, akipenga kamasi kama mtu mwenye mafua.